Kipimo Kisicho na Skrubu

Baba Evodia,

Nimewahi basi, zamu yangu imesogezwa mbele. Theluji ya mlangoni ni yako. Mizani yangu ya unga irudi jikoni, na usiipimie baruti tena. Kanunue ya kwako.

Kuhusu asubuhi. Ni wewe uliyeniuliza, andazi mkononi, ununue kipimo gani cha kujazia baruti kwenye risasi zako: cha kurekebisha kwa skrubu au kisichobadilika. Nikasema kisichobadilika. Kila Jumamosi unalenga sahani zilezile za udongo zinazorushwa hewani, kwa maganda yaleyale ya risasi na baruti ileile. Sasa unarekebisha nini? Hicho cha kurekebisha ulichoazima kwa Navroz, mwenzako wa shabaha, umekizungusha skrubu mpaka hujui ulipoanzia.

Ukamgeukia mtoto: “Mama yako anajua vipimo? Hata chumvi hapimi.” Evodia akacheka, kisha akaniambia kwa Kiingereza nisikasirike.

~~Sijakasirika.~~ Nimekasirika.

Navroz alipiga simu ukiwa bafuni, nikamuuliza. Kasema kama hubadilishi baruti, chukua kisichobadilika, ukihakiki kwenye mizani inatosha. Najua likitoka kwake utakubali.

Yeye na mkewe wanakuja kula leo jioni, hawajaahirisha. Mchele nimeosha. Nyama na viungo viko kwenye sufuria ya bluu, wewe washa jiko tu. Chumvi sijatia. Miaka yote naitia kwa mkono huu usio na skrubu, na hujawahi kurudisha sahani.

Leo pima wewe. Kipimo chagua mwenyewe, ila kisiwe cha baruti.

Mama Evodia