Upande Nilioutoa Kofiani

Ha Ramatšeliso,
Jumapili mchana

Kaka Moeketsi mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile jino limeacha kukunyima usingizi. Sisi huku hatujambo, ila baridi mwaka huu imeamua kutukomoa. Theluji ilianguka hadi kizingitini, na Baba amelaza ndama wawili jikoni kama wageni wa heshima. Mama anakusalimu sana. Anasema ule ushibe, na usitoke shimoni mgodini na jasho ukakaa bila blanketi.

Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi nimeiweka dirishani. Nimejaribu kukaa nikashindwa. Nikikaa miguu inacheza yenyewe mpaka meza inatikisika na Mama ananiuliza kama nimeota kwato za farasi miguuni. Ningekupigia simu, lakini unajua mtandao uko kule kilimani tu, na kule huwezi kuanza sentensi bila jirani kukusaidia kuimalizia. Mzee Pokane anashuka mjini kesho na gari lake. Nitampa yeye.

Najua Baba alikupigia. Najua alikwambia kwamba Mwalimu Thekiso alinilisha maneno, nikasimama kwenye mkutano wa Chifu nikawasemea watu wa kampuni ya bwawa. Nakuomba, kaka yangu, usimkasirikie mwalimu mpaka ufike mwisho wa barua hii.

Ilianza hivi. Sisi wa kidato cha mwisho tunaandika kazi za Kiingereza darasani, na kazi hizo zinahesabiwa pamoja na mtihani. Kuna ya kueleza mahali, kuna ya kusimulia tukio, na kuna ya hoja, ambayo ukishaiandika unaisoma mbele ya wenzako. Mwalimu akasema ya hoja itahusu jambo linalotuuma, siyo mambo ya vitabuni. Akaandika ubaoni: je, bonde letu litolewe kwa ajili ya bwawa? Darasa zima likaguna. Kisha akapitisha kofia ya nyasi yenye vikaratasi. Rafiki yangu Nthatisi akatoa "Hapana", akakibusu kabisa. Mimi nikatoa "Ndiyo".

Unajua zile alama nyekundu walizopaka kwenye mawe, pale maji yatakapofika. Ya upande wetu imepita juu ya bomba letu la moshi. Na Baba ndiye mwenyekiti wa wanaokataa. Nikamfuata mwalimu, nikamwomba nibadilishiwe, nitaaibika mbele ya watu. Akaniambia kuna watu wazima wengi wanaojua kusema wanachokipenda, hiyo si kazi ya kupewa alama. Nyuma yangu Lehlohonolo, yule mtoto wa mwenye kinu, akawa anaimba kwa sauti ya chini kwamba binti wa mwenyekiti ameolewa na mhandisi.

Nikaandika ilimradi nimeandika. Barabara, umeme, zahanati, basi. Mwalimu alinirudishia akiwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba huamini hata neno moja hapa, na msomaji ananusa. Nenda umtafute mtu mmoja ambaye kwake jambo hili ni kweli.

Nilizunguka kijiji kizima, kaka. Wanaume wote waliniambia maneno ya Baba, wengine hata wakaiga kikohozi chake. Mwisho nikarudi nyumbani nimechoka, nikamkuta Mama anapepeta mtama, nikamwambia kwa utani kwamba labda wewe Mama unataka bwawa. Hakucheka. Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akasema, "Nani ameniuliza mimi? Mimi nililetwa hapa juu ya farasi wa baba yako, nikaambiwa hapa ndipo kwetu. Maji nimeyabeba kichwani mpaka shingo imesahau kugeuka. Sasa nasikia 'sisi tunakataa'. Hiyo sisi, mimi nimo?" Halafu akaniambia nisahau aliyoyasema, nikalete kuni.

Sikusahau. Nilirudi kwenye kazi yangu na safari hii maneno yalikuja yenyewe, mengine hata sikuyajua kama ninayo. Niliandika kuhusu mwanamke ambaye hakuulizwa alipokuja, na hakuulizwa alipoambiwa kwamba hataki kuondoka. Sikumtaja jina. Nilipoisoma darasani, hata Lehlohonolo alikosa la kuimba. Mwalimu alinipa alama ya juu kuliko wote, na habari ikafika kwa Baba kabla mimi sijafika.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baba alisikia kwamba mwanawe ameandika juu ya bwawa akawashinda wote. Hakuuliza upande gani. Kwake kulikuwa na upande mmoja tu. Alitembea kijiji kizima akiwaambia watu kwamba wazungu wa kampuni wakija, watasikia kwa lugha yao wenyewe. Wewe unakijua Kiingereza cha Baba, kile cha mgodini, cha "sukuma" na "leta hapa". Nilijaribu kumwambia. Naapa nilijaribu. Kila nikifungua mdomo alikuwa anacheka kwa furaha, na wewe mwenyewe unajua mara ngapi tumemwona Baba akicheka hivyo.

Nthatisi aliona ninavyohangaika, akaninakilia kazi yake ya "Hapana" na kunitilia mfukoni asubuhi ya mkutano. Akanishauri nisome hiyo, nishangiliwe, niende zangu nyumbani.

Watu walijaa mbele ya nyumba ya Chifu 'Mamolapo. Watu wa kampuni walikuwa kwenye viti, wengine wote chini na mablanketi yao. Baba alisimama akasema, "Huyu ni binti yangu. Leo mtaelezwa vizuri kwa nini hatutoki." Nikasimama. Nikaingiza mkono mfukoni, karatasi zote mbili zilikuwa humo. Nilimtafuta Mama kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa na wanawake wengine, ameinamisha kichwa kama kawaida yao kwenye mikutano. Nikatoa yangu.

Nilisoma. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa kila nikipumua. Nilipomaliza wanawake wakapiga vigelegele, na wale wageni wakapiga makofi kwa nguvu mno, mpaka watu wakaanza kutazamana. Chifu akasema, "Wao wameelewa. Na sisi je? Rudia kwa Kisotho, mwanangu." Mkalimani wa kampuni aliinuka kutaka kunisaidia. Nikamkatalia, maana nilijua ataongeza sukari.

Nikarudia mwenyewe, neno kwa neno. Mtu mmoja akapaza sauti, "Kaa chini, we mtoto! Wamekupa nini?" Sikukaa. Kabla sijafika mwisho Baba aliokota fimbo yake, akapanda farasi, akaenda kwenye zizi la milimani bila kumuaga mtu.

Aliporudi alikuwa ameshapata mkosaji. Mwanawe hawezi kufikiri vile, kwa hiyo ni mwalimu. Ni wa Maseru, hana mume, anavaa suruali, basi kila mtu akakubali. Watu wakamwaga samadi mlangoni kwake. Wazazi wakaitisha kikao ili wamwombee uhamisho. Nilimwendea, nikamkuta anasugua mlango kwa maji ya moto. Akaniambia ninyamaze, nina mtihani, yeye atapangiwa kwingine. Alisema kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionikosesha raha. Nikilala naamka, nikiamka natoka nje, nikitoka nje naona lile jiwe jekundu juu ya nyumba. Na bado nilinyamaza, kaka. Nilinyamaza hadi siku ya kikao chenyewe.

Asubuhi hiyo Baba alikuwa anatandika farasi. Nilimshika farasi hatamu ili asiweze kuondoka, nikamwambia kwamba mwalimu alinipa upande tu, maneno ni yangu. Nikamwonyesha karatasi ya Nthatisi, nikamwambia kwamba ningeweza kusoma hii, nikachagua ile. Baba akaitazama karatasi ile. Akauliza, "Hata yale ya mwanamke ambaye hakuulizwa?"

Kabla sijajibu, Mama alisema kutoka mlangoni, sufuria mkononi, "Hayo ni yangu."

Baba akageuka. "'Mamoeketsi, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi? Ulinyamaza lini?"

Nilidhani Baba atafoka. Alirekebisha mkanda wa tandiko uliokuwa sawa, akapanda, akaenda. Mchana Nthatisi alinijia mbio kutoka shuleni kunieleza. Baba alisimama mbele ya wazazi wote akasema kwamba alimsingizia mwalimu, maneno ni ya mtoto wake na ya mkewe, na mwenye shida nayo aje nyumbani kwake ayaseme. Mwalimu amebaki. Baba bado anakataa bwawa, usije ukadhani amebadilika. Ila kamati ilipokutana juzi alimngoja Mama avae viatu, na Mama akaenda akakaa kwenye benchi, siyo chini. Sijui alisema nini. Alirudi anaona haya kama bibi harusi.

Sasa, kaka, nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu salamu.

Baba hakuondoka mkutanoni kwa sababu ya Mama. Aliondoka nilipofika kwako.

Nilikuandika wewe. Niliandika kwamba nina kaka aliyeondoka bondeni humu ndevu hazijamwota vizuri, kwa sababu mahindi yalikauka miaka miwili na hakukuwa na kingine. Kwamba anajenga nyumba ya mawe kando ya zizi, imefika kwenye linta, na kila Krismasi anaizunguka, anaugonga ukuta kwa kiganja, kisha anarudi mgodini. Niliandika, "Kaka yangu hajengi nyumba ya kuishi. Anajenga nyumba ya kuomba radhi kwa kuondoka." Mwalimu aliipigia mstari sentensi hiyo akaandika kwamba hapa ndipo alipoanza kuniamini. Nilifurahi, Moeketsi. Siku nzima niliirudia kichwani nikitembea, jinsi ilivyokaa vizuri kwa Kiingereza.

Baba hakukwambia hilo kwenye simu kwa sababu hakuweza kulitamka. Alikuwa kila jioni akitoka malishoni anabeba jiwe zuri begani analiweka kwenye ukuta wako. Tangu mkutano hajaweka hata moja. Anapita pale akiangalia chini.

Mimi mwenyewe nataka kuondoka. Hata bwawa lisipojengwa, hata wakifuta zile alama zote, nataka kuondoka. Niligundua hivyo nikiwa naandika, na tangu hapo siwezi kukaa kwenye kiti. Lakini hayo ni yangu. Ya kwako niliyatoa wapi? Niliona kiganja chako kwenye ukuta nikajifanya najua kilichomo moyoni. Nililia kwa ajili ya Mama ambaye hakuulizwa, kisha nikakusemea wewe mbele ya kijiji kizima, kwa lugha mbili, bila kukuuliza.

Kazi zetu zinafungwa na kupelekwa kwa watahini mwisho wa mwezi. Mwalimu amesema naweza kuitoa aya hiyo, alama zitapungua lakini nitafaulu. Sitaki aamue yeye, wala Baba, wala mimi. Kwa hiyo nakuuliza sasa, nimechelewa lakini nakuuliza. Ile nyumba, kaka, unataka kuja kuishi ndani yake? Nijibu ukweli, hata kama utanichoma. Ukisema ndiyo, nitaifuta sentensi ile na nitamwambia Baba mbele ya watu kwamba nilikosea. Ukisema hapana, basi mwambie Baba wewe mwenyewe, kwa sauti yako, maana hilo sitalisema tena kwa niaba yako.

Nisalimie wenzako wa chumbani, hasa yule Mpondo anayekufundisha kupika. Mama amenipa soksi nizifunge pamoja na barua. Ile iliyo kubwa kidogo ni ya mguu wa kushoto. Uwe salama huko chini ya ardhi, na upande juu kila siku.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuogopa leo,

Khahliso