Letisi ya Karani

Jumatatu, 8 Septemba
Nipo sokoni Busia, upande wa Uganda, tangu saa kumi na mbili. Letisi imepangwa, mashina ndani ya beseni, majani juu. Karani kaiba jani tena na kujificha chini ya meza. Paka gani huyu, anakula majani kama mbuzi! Jirani yangu muuza nyanya anasema yatamuua. Kaniharibia siku. Hamisi, mume wangu, yuko safarini na lori mwezi wa pili sasa. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na huyu mwizi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimemuuliza daktari wa mifugo, yule anayepita sokoni na pikipiki. Kacheka. Letisi haimdhuru paka, kasema, ila iwe kidogo, na iwe imeoshwa. Cha kuogopa ni majani ya vitunguu. Raha iliyoje! Nimemtambia muuza nyanya mpaka kanuna.

Jumatano, 10 Septemba
Asubuhi Okoth, mkulima wangu wa Mulanda, kaleta mzigo. Majani mazima, hata tundu moja hakuna. Wiki jana nilimrudishia gunia zima. Nilimfokea kwamba hoteli za upande wa Kenya hazitaki letisi iliyoliwa na viwavi. Kumbe ukifoka unasikilizwa. Jani la kwanza nimempa Karani kwa mkono wangu.

Saa kumi jioni. Karani anatokwa na mate. Miguu inatetemeka. Maziwa hataki. Daktari yuko Kisoko anachanja ng'ombe, simu haipatikani. Naogopa.

Alhamisi, 11 Septemba
Kafa asubuhi, mapajani mwangu.

Daktari kafika saa nne. Kamfungua mdomo, kamtazama macho. Kauliza kitu kimoja tu: shamba lilipigwa dawa lini? Nikampigia Okoth.

"Mama, si wewe ulisema hutaki tundu? Mimi napiga dawa Jumanne jioni, asubuhi nakata, nakuletea."

Alisema kwa upole. Afadhali angenitukana.

Sina wa kumlaumu. Iwe imeoshwa, daktari alisema, na mimi nilisikia nilichotaka kusikia. Sokoni hatuoshi letisi. Tunainyunyizia maji tu ing'ae. Nimeua kiumbe pekee aliyekuwa ananingoja mlangoni.

Ijumaa, 12 Septemba
Sikwenda sokoni. Nimemzika nyuma ya nyumba. Wapangaji wenzangu wananicheka, mtu mzima analilia paka. Wacheke. Letisi iliyobaki nimeitupa shimoni. Iliyouzwa imeshaliwa. Nimepiga simu hotelini, wanasema hakuna aliyeugua. Sijatulia hata kidogo. Hamisi kapiga simu, sikupokea. Nitamwambia nini?

Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimerudi mezani. Muuza nyanya kanipa pole. Mchana kaja mama mmoja, mtoto mgongoni. Kila Jumamosi hununua kwangu. Kachagua letisi. Nikamwambia aoshe kila jani, kwa maji mengi, asiache hata moja.

Kanitazama sana. "Mbona siku zote hukuniambia?"

Mtoto alikuwa ameshanyoosha mkono, anataka jani. Mama yake akaushika ule mkono, akairudisha letisi mezani taratibu, akaenda zake.