Wimbo wa Mapasa Uliokatwa Mwisho

Likasi, kambi ya wafanyakazi

Mama yangu mupenzi,

Jambo kwako na kwa kifua chako. Je, kikohozi kimekuacha, ao mungali munalala pamoja? Sisi tunapumua. Kazi ya kiwanda inatula, lakini inatupa unga, basi tunanyamaza.

Sasa nisaidie, maana akili yangu imeshindwa. Mutoto wako Banza ametoa diski kule Lubumbashi. Wimbo ametunga mwenyewe, gitaa amepiga mwenyewe, na picha yake iko kwenye mufuko wa diski, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Siku diski ilipofika hapa, mwenye baa ya njia ya soko alitoa kipaza sauti nje, kambi nzima ikaja kusikia. Nikasimama kifua mbele, kaka ya mwimbaji. Kumbe Banza ameuchukua ule wimbo wewe ulituimbia nyumbani Kyungu na Kabange, mapasa wetu wa tumbo moja, walipozaliwa, na matusi yake yote kwa wazazi, akaongeza gitaa!

Unajua desturi kunipita: wimbo wa mapasa ukiimbwa, mama yao haruhusiwi kukaa, lazima acheze, la sivyo mapasa wanakasirika na kuugua. Ngoie bibi yangu, mama ya mapasa, akatua beseni ya muhogo, akacheza. Watu walifikiri mwenye baa amemulipa. Lakini diski haichoki, Mama. Kila Ngoie akienda sokoni, inapigwa, anacheza. Nikamwambia ile ni mashini.

"Mashini? Sauti ya shemeji si iko mule? Mapasa habajue mashini, baba Kyungu. Banajua wimbo."

Juma lililopita alichoka, akapita bila kucheza, Kabange mugongoni. Jioni mutoto akawaka moto. Munganga wa hospitali anasema ni malaria, ametoa vidonge. Ngoie anamupa mutoto, lakini anasema vidonge havijui kutuliza mapasa.

Banza alikuja kutusalimu, viatu vinang'aa. Ngoie hakumupa hata kiti.

"Shemeji, uliamusha batoto. Sasa ubatulize."

"Miye?"

"Kwani nani mwingine iko mu diski?"

Nikamuuliza wimbo wa kufunga uko wapi, maana wewe, baada ya matusi, ulitupaka udongo mweupe ukaimba ule wa kuwatuliza. Akaangalia viatu.

"Yaya, kaka yangu, uso wa diski ni mufupi. Mwenye studio alisema tukate pale bantu banacheza sana."

Na maneno ya kufunga hayajui. Siku ile alikuwa nje anafukuza kuku wa karamu.

Mimi, niliyejisomesha kwa magazeti ya kufungia samaki, nilikuwa nacheka mambo haya. Jana nikatoka kazini, diski ikaanza. Baba wa mapasa pia anatukanwa, unakumbuka. Kapita wangu, mukubwa wa kazi kiwandani, alikuwa pale na chupa yake. Nikacheza. Nikacheza mpaka pale wimbo unapokatika, nikabaki muguu mumoja juu, sijui niuweke wapi.

Panda treni, Mama. Ukishindwa, mwambie katekista akuandikie maneno, nasi tutayaimba vibaya. Homa haijashuka. Nikitazama mulango, sijui namungojea munganga ao wewe.

Salamu kwa baba mudogo mufua vyuma, kwa shangazi anayekataa kuzeeka, na kwa dada yangu mukubwa na deni lake la kunitembelea.

Ni mimi mwanao Ilunga, baba wa mapasa, wangali hai wote wawili mpaka leo.