Msiizime Ile Kompyuta

Baba, Mama na Kitindamimba,

Shikamooni wakubwa. Nimewahi kazini, macho mazito kama nimeyabeba mgongoni. Kompyuta iliyo juu ya kabati la vyombo msiizime. Ile skrini nyeusi yenye maandishi yanayokimbia si virusi. Ni Linux, mfumo unaoendesha hiyo kompyuta, inahamisha vitu vyote kutoka diski ya zamani ya mashine ya gemu kwenda kwenye mpya niliyoiandaa jana. Ya zamani iko taabani, inakwaruza kama mtu mwenye kikohozi. Ikizimika tena, sidhani kama itaamka.

Nasema "tena" kwa sababu asubuhi hii kuna mtu kachomoa waya ili apige pasi. Simtaji. Shati lake lilikuwa la bluu. Nilipolalamika nikajibiwa, "Gemu ni za watoto, mwanangu. Kua basi!" Iliniuma, maana usingizi wangu wote umeishia kwenye hiyo diski. Bahati nzuri programu inakumbuka ilipoishia, nimeiendeleza.

~~Leo hakuna pasi.~~ Pasi mchomeke jikoni.

Kitindamimba, mji wako ulioujenga kwenye gemu umeshahamia salama. Usiguse kitu, hata kupuliza vumbi usipulize.

Bado haijahama timu ya mpira ya mchezaji anayejiita "Mzee wa Mabao", ambaye huwa anacheza nyumba ikiwa tupu. Simjui. Ila amebakiza mechi moja achukue kombe.

Kwa hiyo Baba, kama una nafasi, kaa karibu na ule waya.

Mwanao mkubwa, ambaye bado hajakua