Rangi ya Nane

Alexandra, Johannesburg. Jumapili, Juni inaishia.

Shajara, leo jua lipo lakini halina kazi. Ni lile jua la baridi la huku Joburg, linaangaza tu, huku majani ya uani yameganda weupe na maji ya bomba yanauma vidole. Nimevaa soksi mbili mbili na sweta la mume wangu. Mikono inanukia pilipili iliyoungua, vitunguu saumu na chokoleti, na nina furaha kiasi kwamba nimeanza kuandika kabla vyombo havijakauka.

Leo nimepika chakula cha Jumapili.

Anayesoma hapa kwa mara ya kwanza atasema, kwani siku nyingine hupiki? Napika. Jumatatu hadi Jumamosi jiko la nyumba hii ni langu, tangu nilipoolewa nikaja kutoka Morogoro miaka kumi na mitano iliyopita. Lakini Jumapili ni ya mama mkwe wangu. Huku chakula cha Jumapili wanakiita rangi saba: wali mweupe, kuku wa kahawia, malenge ya njano, bitiruti nyekundu, spinachi, maharage ya chakalaka yenye karoti na pilipili, na kabeji iliyochanganywa na mayonezi. Rangi moja ikikosekana, majirani wanaanza kuuliza kama kuna mgonjwa. Mama huamka alfajiri, anafunga mlango wa jikoni, na ukiingia kuchukua maji ya kunywa anakutazama mpaka unasahau glasi ulikoiweka.

Kazi yangu ilikuwa kumenya malenge. Nimemenya malenge ya kulisha Alex nzima, na Sandton, kwa matajiri wa ng'ambo ya barabara, ningewapelekea yaliyobaki.

Jina langu ni Rehema, ila Jumapili naitwa makoti, yaani bi harusi. Bi harusi mwenyewe kaanza kuota mvi. Themba, mume wangu, hataki kuingia kati yangu na mama yake kwa sababu anapenda kuishi. Na Mama siyo mtu mbaya hata kidogo. Anapika vizuri mno, na baada ya kugawia watu wote anasema ameshiba kwa kuonja, anakaa pembeni na kutuangalia tunavyokula.

Lakini nilitaka Jumapili moja. Naomba niliseme hapa bila aibu. Jumapili ndiyo siku ndugu wanapokuja, siku ambayo nyumba inaonekana ni ya nani. Mpaka uipike wewe, bado ni mgeni aliyezidisha kukaa.

Basi ndiyo maana safari ya Meksiko ilinitia kiwewe. Themba alijua ninavyopenda kuangalia video za wapishi wa kule, nikilala nao, nikiamka nao. Akapanga safari yetu wawili kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa. Karibu na siku yenyewe, kazini wakamnyima likizo. Badala ya kuahirisha kama mtu mwenye akili, akamkatia mama yake tiketi.

Wiki mbili. Mimi na mama mkwe. Chumba kimoja, vitanda viwili.

Mama alipanda ndege na kopo lake la chumvi ya viungo kwenye mkoba. Mexico City tulisimama barabarani kwa muuza taco, nyama inakatwa inadondoka juu ya chapati ndogo ya mahindi, nanasi juu yake, ndimu, kotimiri, mimi machozi yananilenga kwa utamu, na Mama anatoa kopo. Alinyunyizia kila kitu. Alimnyunyizia hadi muuzaji, kwenye kiganja, ili naye aonje. Yule bwana akalamba, akatikisa kichwa, akamwongezea nyama.

Kufika mji wa Oaxaca, sokoni, tukakuta akina mama wamekaa na mabeseni ya panzi waliokaangwa kwa pilipili na ndimu. Mimi nilirudi nyuma. Mama, aliyekua akila viwavi wa mti wa mopane, alijaza kiganja akatafuna huku akinitazama mimi. Kisha akajaza kingine. Sikumbuki kama nimewahi kumwona na furaha vile, na nadhani nusu ya furaha ilikuwa sura yangu.

Oaxaca ndiko tulikoharibu.

Tulikuwa tumepanga kwa Doña Elvira, mama wa makamo ya Mama, anayepikia wageni nyumbani kwake pamoja na Lupe, mke wa mwanawe. Lupe anajua Kiingereza kidogo, ndiye aliyekuwa daraja letu. Kila jioni Elvira alichemsha mahindi na chokaa, akayaacha yalale humo, asubuhi anayaosha maganda yanatoka, ndipo yanasagwa kuwa donge la kutengenezea zile chapati zao, tortilla. Mama aliposikia neno chokaa alinigeukia. "Hayi, Rehema. Ile ya kupaka ukuta?" Kiswahili chake ni cha Morogoro ya ujana wake, alikoishi uhamishoni na wapigania uhuru wenzake, na mshangao wake bado ni wa Kizulu.

Siku ya tatu Elvira na Lupe walitoka kufuata kuku, wakatuacha jikoni na beseni la donge la mahindi. Tulikuwa tumekula vyakula vya kigeni siku nyingi. Tukaangaliana. Unga wa mahindi upo, maji yanachemka, wenyeji wametutendea wema. Ni nani kutoka kwetu angefikiria kitu kingine?

Tukaamua kuwapikia ugali.

Hatukuwa tumewahi kupika sufuria moja, mimi na Mama. Nikamega donge nikatumbukiza, nikaanza kusonga. Mama akasema ongeza maji, pap yake, ugali wa kwao, ni laini. Nikasema hapana, ugali lazima usimame. Akanipokonya mwiko. Nikaupokonya tena. Wakati huo lile donge lilikuwa linafanya mambo yake. Ugali unakuja pamoja ukiusonga, unaachia sufuria. Huu uling'ang'ania. Ulivutika kama gundi ya fundi viatu, ukashika mwiko, ukashika mikono yetu, na tulipomalizia kumimina donge lote tukidhani unga haujatosha, mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria na hakuna aliyeweza kuutoa.

Elvira akaingia na kuku.

Lile lilikuwa donge la chakula cha mchana cha wageni wote wa siku ile. Alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Lupe akaangalia sufuria, akatuangalia sisi, mikono myeupe hadi viwikoni. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kuomba radhi jikoni maishani mwake, akaninyooshea kidole mimi.

Hapo Elvira akacheka. Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akafunga aproni yake ya kiunoni vizuri, akaongeza maji ya moto, akakoroga, akaongeza tena, akachuja, akatia mdalasini na bonge la sukari guru. Akatumiminia kwenye vikombe. Atole, akasema.

Tukanywa. Tukasema kwa pamoja, mimi na Mama, "Uji!"

Ulikuwa uji kabisa, shajara. Uji wa asubuhi wa Morogoro, mzito, mtamu, unaopita kooni ukikuita jina. Mama alijaziwa kikombe mara tatu. Wageni walikula tortilla za kununua kwa jirani na hakuna aliyekufa.

Jioni Lupe akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia kusaga pilipili, na nikamuuliza jiwe lile la nani. Akasema ni lake. Kule, alituambia, mama mkwe humpa mkwe wake jiwe siku ya harusi, kama yeye mwenyewe alivyopewa. Mama akasikiliza. Akamwambia Lupe amuulize Elvira, sasa jiwe keshalitoa, yeye anafanya nini?

Elvira alijibu bila kufikiri. Anakaa. Anakula. Anamwambia Lupe chumvi haitoshi.

Mama alicheka kwa adabu, ila usiku ule kopo lake halikutoka mkobani.

Kutoka hapo tukaenda Yucatán, kusini mashariki, kula nguruwe anayepakwa viungo vyekundu na maji ya machungwa makali, anafungwa kwenye majani ya mgomba na kufukiwa shimoni na makaa. Nguruwe akishafukiwa, basi. Hakuna cha kuonja, hakuna cha kukoroga. Wapishi wawili tumekaa kwenye benchi, mikono mapajani, tunaangalia udongo. Nadhani ndicho kilichomfungua mdomo.

"Kule Morogoro nilipikia vijana wengi, wena," akasema. "Tuliporudi, kila mtu alipata kitu. Mwingine cheo, mwingine nyumba. Mimi nilipata Jumapili." Kisha akauliza, "Nikikupa, mimi nakaa wapi?"

Sikutegemea swali lile. Miaka yote nilidhani ananizuia nisiingie, kumbe alikuwa ameshikilia mahali pake pa kusimama. Nikamwambia atakaa uani, juani, nami nitamletea chai.

"Chai yako ina maji," akasema.

Hakuna aliyeigusa mada ile tena. Nguruwe alipofukuliwa tulikula kwa mikono hadi vidole vikawa vyekundu, na kwenye ndege ya kurudi alinilalia begani kutoka bahari hadi bara.

Tumerudi Alhamisi. Leo asubuhi niliamka na kusikia kimya. Hakuna sufuria, hakuna redio ya nyimbo za kanisa, hakuna kisu juu ya ubao. Nikadhani anaumwa. Nikakimbia peku kwenye ile sakafu ya barafu hadi chumbani kwake.

Mama alikuwa ameketi kitandani, kavaa gauni la kanisa na kofia yake ya kijani, mkoba mapajani.

"Nangoja chai," akasema. "Au jiko leo halina mwenyewe?"

Nilimkumbatia na kofia yake. Alinisukuma, akisema nitaikunja.

Basi nikapika! Nilipika rangi zote saba kama nilivyozichungulia mlangoni kwa miaka kumi na mitano, na kuku wa pili nikamtia kwenye mole nyeusi, ule mchuzi wa Oaxaca wa pilipili zilizochomwa hadi kuwa makaa, ufuta, karanga na chokoleti. Elvira alitufungia bonge la viungo vyake vilivyosagwa kwenye mifuko mitatu. Malenge alimenya Themba. Aliyamenya vibaya, nusu ilikwenda na maganda, nami nilimtazama tu kama nilivyokuwa natazamwa, mpaka akasahau kisu alikokiweka.

Mama aliporudi kanisani alikaa uani juani, miguu juu ya kreti ya soda, chai mkononi, akitangaza kwa sauti kwamba ina maji. Jikoni aliingia mara moja tu, wakati natoa viti nje. Nikamkuta anafunga mlango wa oveni. Nikajua anakagua, nikaendelea na viti.

Meza ilijaa. Mama Neema, fundi cherehani kutoka Bukavu anayepanga chumba cha nyuma, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuigusa ile nyeusi. Alionja kwa ncha ya kijiko, akafumba macho, akavuta bakuli karibu yake. "Eh, Mungu wangu. Mama, hii supu ya nyeusi, njo nani aliipika?"

Miaka yote swali hilo lina jibu moja. Nikashika ukingo wa meza.

"Muulize mwenye jiko," Mama akasema. "Mimi nimekaa."

Kisha akaniambia chumvi haitoshi.

Chumvi ilitosha, shajara. Niliangalia sahani yake baadaye, ilikuwa imefutwa kwa mkate hadi inang'aa.

Nikagawa, nikaongezea, nikagawa tena. Watoto walitaka nyeusi juu ya wali, Mama Neema alitaka ya kubeba, Themba alijifanya hajapata. Nilipogeuka kujipakulia mimi, sufuria ya kuku ilikuwa imekwanguliwa. Malenge hakuna. Imebaki kabeji kijiko kimoja. Wakaanza kuniangalia, nami sikutaka kuwaharibia. Nikasema nimeshiba kwa kuonja.

Maneno yalitoka yenyewe, na kwa sauti yake kabisa.

Mama aliinua macho. Halafu akasema taratibu, "Fungua oveni, Rehema."

Hakusema makoti.

Ndani kulikuwa na sahani imefunikwa kwa sahani nyingine. Paja la kuku. Rangi zote saba, kila moja mahali pake kama anavyozipanga yeye, na ya nane nyeusi katikati, bado ina joto. Alijua. Mpishi wa Jumapili anajua kwamba sufuria huisha kabla ya zamu yake.

Nimeila jikoni, nimesimama, nikilia na kucheka, mole ikinipaka shavuni. Na kila tonge nilikuwa nawaza zile jioni za Jumapili nilizokuwa nikimkuta Mama peke yake anachovya mkate kwenye mchuzi wa chini ya sufuria, akisema haoni njaa, nasi tukiamini kwa sababu tulikuwa tumeshiba. Nani alimfunikia yeye?

Sasa yupo kitandani na chupa ya maji moto. Kabla hajalala ameniambia nisizoee, Jumapili ijayo anarudi kwenye sufuria zake, tutapeana zamu, na malenge amenye tena Themba, ajifunze.

Sawa kabisa. Apike Mama. Sahani nitafunika mimi.