Jina Lako Halikuwamo Katika Muhtasari

Dada yangu Namkunda,

Asubuhi hii Neema, mwanangu, alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye sinki. Nikafungua bomba, nikasimama kuyatazama maji. Tunakaa ghorofa ya kumi na tisa, Crescent Town, upande wa mashariki wa Toronto. Maji yanapanda mpaka huku juu bila mtu kuyabeba kichwani, na katika jengo zima hakuna anayejua ni nani aliyeonyesha mahali yatoke. Nimeishi hapa miaka mingi na jambo hilo bado linanishangaza. Neema alishazoea. "Baba, yafunge basi, unayamwaga bure." Nikayafunga, nikaomba karatasi.

Moyo wangu umechoka, Dada. Daktari aliniambia tusipange mambo ya mbali, nami nikamshukuru kwa kutonizungusha. Kwa hiyo nakuandikia la karibu. Ulipofariki nilituma rambirambi ikasomwa kaburini, na niliambiwa watu waliisifu kwa Kiswahili chake. Ndani yake hamkuwa na jambo hili. Wewe ulilijua siku zote. Ni wengine ambao hawakulijua, na ndiyo maana barua hii naiacha wazi.

Unaikumbuka masika ile iliyobomoa ndiva? Kwa watakaosoma na hawatoki Upare, ndiva ni bwawa la udongo mlimani. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku kucha, na kukipambazuka hufunguliwa yakashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Yetu ilibomoka mara ya pili mwaka ule, ikachukua migomba ya watu na nusu ya njia ya kanisani. Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Eliamani, nami nilikuwa katibu, mwalimu kijana mwenye kalamu mfukoni na majivuno mengi. Wanaume walizungumza tangu asubuhi, na wote walisema neno moja: tujenge pale pale, ila ukuta uwe mnene zaidi.

Tulipofika kwenye mengineyo, ukasimama wewe. Ulikuwa mjane wa mwaka mmoja, kichwani kitambaa cheusi, mkononi kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Nanzia, jirani yako, akapaza sauti kutoka nyuma, "Namkunda, leo umetuletea makande?" Mkutano mzima ukaangua kicheko. Ukamjibu bila kugeuka, "Makande yako huvuja, Nanzia. Haya hayavuji."

Ukafungua jani. Ndani mlikuwa na bakuli ulilolifinyanga kwa udongo mbichi, halijachomwa, na ndani ya bakuli maji.

"Udongo huu ni wa juu kule, kwenye kona ya kijito," ulisema. "Maji haya nimeyatia juzi jioni. Pale mnapotaka kujenga ni mchanga. Jengeni mara ya tatu kama mnapenda. Mtanikuta hapa hapa nawatazama."

Baadaye uliniambia ulivyolijua. Ulikuwa umepita pale kila siku na ndoo tangu uolewe, ukaona kwamba kiangazi chote nyayo za ng'ombe katika kona ile hubaki na maji, wakati kwingine zimekauka na kupasuka. Sisi wengine tulipita hapo hapo. Mimi nilipita nikienda kufundisha jiografia.

Mzee Eliamani alitia kidole katika bakuli, akakitazama, akakifuta kwenye koti. "Hata mimi nilikuwa nawaza hapo hapo," akasema. Watu wakapiga makofi. Ukakaa chini.

Kisha baragumu likapigwa, watu tukatoka kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, nyumba kwa nyumba, na jembe, na karai, na watoto mgongoni. Wewe ndiye uliyesema tuingize ng'ombe na mbuzi wakanyage chini mpaka udongo ushikane, ukawazungusha mwenyewe kwa fimbo, tope hadi magotini, ukiwaita kwa majina ya wajumbe wa serikali ya kijiji waliochelewa kufika. Siku ile ndiva ilipojaa mara ya kwanza tulipanda wote kuitazama. Maji yalikuwa yametulia, na mbingu yote imo ndani yake. Hakuna aliyesema neno. Hata Nanzia, na hilo nalo lilikuwa ajabu. Nimeona mengi baada ya hapo, Dada. Nimeona majengo ya vioo yanayogusa mawingu, nimeona ziwa lililoganda watu wakitembea juu yake. Sijanyamaza tena kama nilivyonyamaza asubuhi ile.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Unajua desturi ya kwetu. Aliyeonyesha mahali pa maji, shamba lake hunyweshwa kwanza, Jumatatu alfajiri, ndiva ikiwa imejaa, yeye na uzao wake. Wa mwisho hupata Ijumaa jioni, maji ya mkia, ambayo mara nyingi hukauka kabla ya kufika matuta ya chini. Na nani alionyesha mahali? Hilo halikukaa vichwani mwa watu, lilikaa katika daftari langu. Nami niliandika hivi: "Mwenyekiti aliwaonyesha wajumbe mahali panapofaa, na wajumbe wote waliafiki." Jani la mgomba sikulitaja. Jina lako halikuwamo, na nyumba yako ikawekwa mwisho, Ijumaa jioni.

Hakuna aliyenilazimisha. Mzee Eliamani hakuniomba, wala hakunikonyeza. Nilikuwa nasubiri barua yake ya kunipendekeza kwenda chuo, ilikuwa mezani kwake wiki ya tatu bila sahihi, na mkono wangu ukaandika wenyewe kile ulichodhani kitampendeza. Miaka yote hii nimejiambia kwamba ndivyo ilivyokuwa kawaida, kwamba maneno ya wanawake tuliyaandika "mjumbe mmoja alichangia." Ni kweli ilikuwa kawaida. Lakini mimi nilijua ninachofanya, kwa sababu nilipofika sentensi ile niliandika polepole.

Mkutano uliofuata nikasimama kuusoma muhtasari kwa sauti. Nilipofika hapo sikukutazama. Mwenyekiti akauliza, "Kuna marekebisho?" Kimya. "Wanaothibitisha wanyooshe mikono." Nikainua macho kuhesabu, na mkono wa kwanza niliouona ulikuwa wako. Ulikuwa umenyooka kabisa, mpaka kwapani.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa njia ya mfereji. Nilingoja unitukane. Ulisema, "Mwalimu, mwandiko wako mzuri. Na unasoma kama mchungaji wa Krismasi." Tukatembea tena kidogo. Kisha ukauliza, "Barua yako ya chuo, ameshaitia sahihi?"

"Bado."

"Basi ataitia."

Aliitia kesho yake. Ukanifungia nguo zangu kwa kanga, ukanipikia makande ya njiani, na hadi unaingia kaburini hukulitaja tena. Nimesoma, nimefundisha walimu, nimeoa, nimezaa, nimevuka bahari, na vyote hivyo nimevifikia nikiwa nimekanyaga Ijumaa zako. Sijawahi kuelewa mtu anawezaje kunyoosha mkono namna ile. Nimekwishaacha kujaribu kuelewa. Nastaajabu tu.

Miezi miwili iliyopita binti yako Nakijwa alinipigia simu. Serikali ya kijiji inaikarabati ndiva kwa saruji, na zamu za maji zitaandikwa katika sheria ndogo na kupitishwa na mkutano mkuu. Zikishapitishwa, zimekaa. "Mjomba, wanasoma ule muhtasari wako wa zamani," alisema. "Nyumba ya Mzee Eliamani Jumatatu, sisi Ijumaa jioni, na sasa itakuwa sheria. Wewe ndiye uliyeandika. Mama aliwahi kusema lolote? Kuna karatasi nyingine?"

Dada, nilikuwa na nafasi pale pale. Nikamwambia, "Ngoja nikumbuke." Mzee wa miaka themanini na minne, mguu mmoja kaburini, na bado nilijificha nyuma ya neno kukumbuka.

Kilichonifumbua macho kilitokea hapa chini ukumbini, kwenye mkutano wa wapangaji. Jengo letu lina lifti tatu, na mbili zilikuwa zimeharibika, watu wanachelewa kazini, wagonjwa wanakosa kliniki. Neema ni katibu wa kamati, nami alinishusha kwenye kiti changu cha magurudumu ili nami nihesabiwe. Walibishana kwa Kiingereza, kila mtu akilaumu ghorofa za wenzake. Ndipo akasimama Mama Furaha, mama wa Kikongo anayefanya kazi ya usafi, akasema kwa Kiswahili cha kwao, Neema akitafsiri:

"Miye niko nabeba mutoto mugongoni mupaka etaje ya kumi na ine. Sipigane na mutu. Lakini tugawane saa. Kwanza benye kwenda kazi, kisha batoto ba masomo, kisha bagonjwa na bazee. Kila mutu na zamu yake."

Ilikuwa kama mtu amefungua jani la mgomba. Mwenyekiti wa kamati, Mkenya mmoja mcheshi ambaye sina ubaya naye, akapiga meza, "Aah, si hiyo ndiyo mimi nimekuwa nikisema!"

Neema hakuinua hata macho kutoka kwenye daftari. "Wacha hizo, kaka. Amesema Mama Furaha. Nimeshaandika."

Watu wakacheka, mwenyekiti akacheka nao, akainua mikono kama mwizi aliyekamatwa. Kisha Neema akamgeukia yule mama, "Jina lako kamili, dada? Nataka liwe sawasawa." Mama Furaha akalitaja herufi kwa herufi. Nilimtazama mwanangu, ambaye hakuwahi kukuona ila kwenye picha. Jambo lililonishinda mimi maisha yangu yote lilimchukua muda wa kunywa maji.

Kesho yake nilimpigia Nakijwa nikamwambia yote. Barua ya chuo pia.

"Mjomba," akasema, "mimi nimemwagilia Ijumaa jioni tangu nikiwa na miaka saba. Mama alikuwa akinishikisha taa."

Sikusema samahani, kwa sababu niliona ningekuwa namwomba kitu tena, yeye aliyenyimwa. Mwishowe akasema, "Sema wewe mwenyewe kwa sauti yako. Karatasi watasema nimeiandika mimi."

Neema akanirekodi kwa simu, nimekaa kitandani na koti la suti juu ya nguo za kulalia. Nilisema jina langu, cheo changu cha zamani, na kwamba aliyeandika uongo katika muhtasari ule ni mimi, si Mzee Eliamani. Nilisema mahali pa ndiva palionyeshwa na Namkunda. Sikueleza zaidi. Pumzi haikutosha.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, na nilipoamka kulikuwa na video ya Nakijwa. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Simu yenye rekodi yangu imewekwa kwenye kipaza sauti, nyingine inapiga video, na sauti yangu inatoka imepasuka kama ya redio ya zamani. Watu wanasikiliza kofia mapajani. Nilipomaliza, Mbazi, mtoto wa Mzee Eliamani, naye mzee sasa, akasimama. "Mtu amekaa Kanada miaka yote hiyo, leo ndiyo anaota! Baba yangu hawezi kujibu. Shahidi wake yuko wapi?" Niliisogeza simu karibu, ingawa yalikuwa yamekwishatokea. Na neno lake lilikuwa la haki. Wewe hujibu, baba yake hajibu, na aliyeandika ndiye huyo huyo anayesema alidanganya.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba kutoka nyuma. Wakaigeuza simu ya video. Nanzia, Dada! Kipofu, hana meno, ameshikwa na wajukuu wawili.

"Shahidi ni mimi," alisema. "Alileta tope katika jani la mgomba, na tope limeshika maji. Mimi ndiye niliyemcheka. Nikamwambia ametuletea makande. Akaniambia yangu yanavuja, mshenzi yule, na yalikuwa yanavuja kweli."

Mkutano ukacheka, na kicheko kile nilikitambua. Katika kurekodi sikuwa nimetaja jani, wala makande, wala Nanzia. Nilichokificha mimi katika daftari, kilikuwa kimetunzwa na mtu aliyekudhihaki.

Mwenyekiti wa sasa ni mwanamke, mwalimu kama nilivyokuwa. Alisoma marekebisho polepole: aliyeonyesha mahali ni Namkunda, na zamu ya Jumatatu alfajiri ni ya nyumba yake. Akauliza kama kuna pingamizi. Mbazi alitazama chini. "Wanaothibitisha wanyooshe mikono." Wakanyoosha. Sikuweza kuwahesabu, kazi ile ile iliyokuwa yangu. Mbazi alikuwa wa mwisho, na mkono wake uliishia nusu, kama anayekuna kichwa, lakini ulihesabiwa.

Nami nikanyoosha wangu. Ni mwembamba siku hizi, una plasta ya sindano. Neema alikuwa akiingia na uji. "Baba, unataka nini?"

"Sitaki kitu," nilimwambia. "Nathibitisha."

Nakijwa anasema Jumatatu alifungua ndiva mwenyewe kukipambazuka, na maji yalifika matuta ya chini yakiwa bado yana nguvu. Hakuhitaji taa.

Umenitangulia, Dada, na kwa mara hii nimeridhika kuwa wa mwisho katika zamu. Nikifika, muhtasari nisomee wewe.

Mdogo wako,
aliyekuwa katibu.