Salma na Fidla

Mke mwenzangu Rukia,

Sisi huku mjini, mtaa wa Malindi, tu wazima. Babu yako mguu unamsumbua, lakini ulimi haujambo. Tangu muondoke wewe na wenzako nyumba imepoa, na paka bado anakaa mlangoni akingoja pweza wenu.

Umeniuliza kama ule wimbo shoga yako Zena aliouweka stetasi, baada ya mapumziko yenu hapa mjini, umekulenga wewe.

Nilipokuwa msichana kama wewe, mimi na Salma tulitoka Nungwi kuja mjini kula sikukuu. Tukanywa urojo bakuli moja, kisha tukaenda kwenye taarabu. Mwimbaji alipofika ubeti wa shoga mwenye kijicho, Salma akainuka kwenda kumtunza pesa. Unajua kwetu: ukitunza kwenye ubeti, maneno umeyafanya yako, na mwenyewe wa kuambiwa yupo ukumbini. Nikajua ni mimi. Sikukuu yote iliyobaki sikusema naye. Akiniita, hata “naam” simpi.

Siku ya kurudi akanishika mkono. “Mwanakheri, nnakwita huitiki. Nimekufanya nini?”

Nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Mimi nliinuka kwa utamu wa ile fidla! Maneno hata sikuyasikia.”

Basi usimjibu Zena kwa wimbo mwengine. Mpigie, umuulize.

Salma yupo hapa jikoni, anamenya viazi vya urojo na kuimba wimbo uleule wa sikukuu ile. Mpaka leo maneno yake hayajui.

Bibi yako,
Mwanakheri